Pointi 48

Usiku wangu wa kwanza kazini, watu walirusha kofia uwanjani.

Kwetu Tanga, kwenye uwanja wa Mkwakwani, ukiona vitu vinarushwa uwanjani ujue mwamuzi amekataa bao au ametoa penalti ya kutengeneza. Kwa hiyo niliposimama kwenye ngazi za ukumbi wa Pepsi Center, Denver, Jumamosi ya tarehe 15 Oktoba 2016, na ufagio mpya mkononi na fulana ya kazi iliyonizidi mabega, nikaona kofia zinaruka kutoka majukwaani kama kunguru walioshtuliwa, nilirudi nyuma hatua mbili. Msimamizi akacheka. Hiyo ni furaha, akasema. Mchezaji mmoja, Joe Colborne, alikuwa amefunga bao lake la tatu, na kwenye hoki ya barafuni mtu akifunga matatu mashabiki huvua kofia zao wakamrushia. Colorado Avalanche, timu ya hapo, wakawafunga Dallas 6-5. Mechi ya kwanza ya msimu, na kwa Colborne mechi ya kwanza na timu hiyo. Nikafagia bisi nikiamini nimeangukia mahali pa heri.

Colborne alifunga bao moja tu tena msimu mzima uliobaki. Moja. Ukimaliza kusoma makala haya usahau kila kitu, hilo likumbuke, maana msimu wote ule ulikuwa hivyo: ulianza na kofia.

Nieleze kidogo, kwa sababu najua wengi wenu mchezo huu mnaujua kwa mbali kama nilivyoujua mimi. Kila timu ina watu sita barafuni pamoja na kipa. Hakuna mpira, kuna paki, kisahani cheusi cha mpira mgumu chenye gramu 170 hivi, ambacho hugandishwa kabla ya mechi kisije kikadundadunda. Vipindi ni vitatu, dakika 20 kila kimoja. Ligi yao kubwa, NHL, msimu ule ilikuwa na mechi 82 kwa kila timu, kuanzia Oktoba hadi Aprili. Ukishinda unapata pointi mbili. Ukifungwa kwenye muda wa nyongeza au kwa penalti unaambulia moja. Avalanche walishinda mechi 22, wakapoteza 56, na nne wakafungwa kwa ule mtindo wa kuambulia. Piga hesabu: pointi 48. Timu iliyowafuata kwa juu, Vancouver, ilikuwa na 69. Yaani hata wa pili kutoka mwisho ungehitaji darubini kumwona. Walifunga mabao 166 na kufungwa 278. Tangu Atlanta walipoanzishwa na kumaliza na pointi 39 mwaka 2000, hakuna timu iliyokuwa imevuna kidogo namna hiyo katika msimu kamili.

Na mimi ndiye niliyekuwa nafagia.

Nilifika Marekani kwa bahati nasibu, ile ya viza ambayo kila mwaka watu wanajazana kwenye vibanda vya intaneti kupiga picha zenye ukuta mweupe nyuma. Jina langu likatoka. Nikaondoka Tanga katikati ya mwaka 2016, na mtu wa Tanga yeyote anayefuatilia mpira atakuambia mwaka ule ulitufanya nini. Tulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo. Mwezi wa tano zote tatu zikashuka daraja. Zote. Mji mzima kwa mkupuo. Coastal, mabingwa wa 1988, Wagosi wa Kaya, wakaondoka na Wana Kimanumanu na wanajeshi wa Mgambo kama abiria wa basi moja. Mjomba wangu, ambaye anaishi Ngamiani na hajawahi kukosa mechi ya Coastal kwa sababu nyingine isipokuwa msiba, hakuonekana barazani wiki nzima. Nilipomwendea kuaga aliniambia, "Nenda mjomba, ukashabikie washindi."

Basi ndiyo hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya usiku. Nilikaa Aurora, mashariki mwa Denver, nikapanda basi la 15 linalopita Colfax, ile barabara ambayo ukikaa dirishani unaona Marekani yote bila kulipa kiingilio. Sitaitaja kampuni iliyoniajiri, haina umuhimu. Ilikuwa ni kubeba boksi kama tunavyosema, ila boksi langu lilikuwa mfuko wa taka. Mechi ikielekea mwisho tulijipanga kwenye korido. Watu wakitoka, tunaingia. Kwanza unaokota makubwa, vikombe na sahani za karatasi. Halafu wanakuja wenye mashine za kupuliza, wanasukuma bisi kutoka safu za juu hadi chini, kama mtu anayefukuza kuku. Mwisho ni dekio, maana bia ikikauka kwenye saruji inanata kama ulimbo.

Kwenye genge letu alikuwepo mzee wa Bukavu tuliyemwita Baba Furaha. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaangalia nyuma kuona namsalimia nani. Kwao wanasema jambo, basi. Baadaye alijifunza kuitika marahaba kwa mbwembwe, akawa anaidai kila nikichelewa kumpa. Ni yeye aliyenifundisha kusoma matokeo bila kutazama ubao.

"Angalia vikombe," aliniambia.

Timu ikishinda, vikombe huwa vitupu. Watu wamekaa mpaka mwisho, wamekunywa, wamesimama, wamepiga kelele. Timu ikifungwa mapema, watu wanaondoka katikati ya kipindi cha tatu wawahi magari, na wanaacha vikombe nusu. Mfuko wa taka wa usiku wa kushindwa ni mzito kuliko wa usiku wa ushindi, na ukitoboka unajua mwenyewe. Nyumbani pale Avalanche walishinda mechi 13 kati ya 41. Mimi sikuhitaji magazeti kunieleza. Mgongo ulikuwa na takwimu zake.

Baba Furaha alikuwa akiingia ukumbini anainua kikombe cha kwanza anachokikuta, anakipima kwa mkono kama mwuza samaki, halafu anatamka hukumu: "Na leo bamepigwa."

Nilikuwa nikimpigia mjomba wakati wa mapumziko. Kwangu saa saba usiku, Tanga saa tano asubuhi, yeye yuko barazani na kahawa. Mazungumzo yetu ya Novemba nayakumbuka vizuri.

"Mjomba, hiyo timu yako imeshinda?"

"Imefungwa."

"Tena? Sasa hao si watashuka daraja?"

"Huku hakuna kushuka daraja, mjomba."

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Ati hakuna nini?"

Nikamweleza. Ligi yao imefungwa kama klabu ya matajiri. Wako walewale mwaka hadi mwaka, mpaka wenyewe waamue kuongeza timu au kuihamisha mji. Ukishika mkia, msimu ujao uko palepale. Tena zaidi ya hapo, kila kiangazi timu zote huchagua vijana wapya kwa zamu, na walioshindwa ndio wanaotangulia kuchagua.

"Wa mwisho anapewa zawadi?"

"Anapewa nafasi kubwa zaidi ya kumpata kijana bora."

Nikamsikia anawageukia wenzake wa barazani na kuwatangazia. Kikazuka kicheko, halafu mabishano. Mjomba akarudi kwenye simu. "Yaani Coastal wangekuwa huko, wangepewa Samatta?"

Kwa namna fulani, ndiyo. Sikupata jibu la kumshinda. Ila kadiri msimu ulivyosonga niliona ubaya wa kitu ambacho mwanzoni kilinivutia. Timu ya kwetu ikiwa chini inapigania roho. Mechi ya mwisho inaweza kuwa na uzito kuliko fainali; watu wanakwenda na dua, na mengine tusiyataje. Avalanche hawakuwa na cha kupigania. Januari ilipoisha kila mtu alishajua watamaliza wa mwisho, na bado walidaiwa mechi zaidi ya 30. Hakuna anayekuja kukuua, hakuna anayekuja kukuokoa. Unavaa viatu vya chuma, unatoka, unafungwa, unarudi. Kesho kutwa tena.

Walifikaje pale? Kwanza, kocha alikimbia. Patrick Roy, kipa mkubwa wa enzi zake aliyewapa Avalanche ubingwa mwaka 1996 na 2001, alikuwa kocha wao na makamu wa rais upande wa hoki. Tarehe 11 Agosti 2016, timu nyingine zikiwa zimeshapanga kila kitu, akajiuzulu. Alisema hakuwa na sauti ya kutosha katika maamuzi ya timu. Wiki mbili baadaye wakamchukua Jared Bednar, ambaye Juni ileile alikuwa ametwaa ubingwa wa ligi ya chini yake na Lake Erie Monsters. Mtu anatoka kubeba kombe, anakabidhiwa kikosi ambacho hakukichagua na mfumo asio na muda wa kuufundisha. Nilimwona mara nyingi kwa mbali akiingia korido baada ya mechi. Hakuwa na sura ya mtu anayetafuta wa kumlaumu, na kwa hilo peke yake nilimheshimu.

Pili, majeruhi. Erik Johnson, beki wao mkubwa, alivunjika mguu mwanzoni mwa Desemba. Kipa wa kwanza, Semyon Varlamov, aliumwa nyonga mpaka akafanyiwa upasuaji, msimu wake ukaishia Januari. Tatu, walikuwa na vijana wazuri wasiokuwa bado wamefika na wakongwe wazuri waliokwisha kupita, na katikati hapakuwa na mtu. Hilo la tatu, kwa maoni yangu, ndilo kubwa. Mengine ni visingizio vya kweli.

Usiku ambao dunia ya hoki inaukumbuka hatukuufagia sisi, ulikuwa ugenini. Tarehe 10 Desemba, Montreal, 10-1. Max Pacioretty peke yake alifunga manne. Kwa wanaojua historia yake, hicho kilikuwa kisasi cha ajabu. Desemba 1995, palepale Montreal, Patrick Roy aliachwa golini mpaka akafungwa mabao tisa na Detroit, akatoka kwa hasira, na siku chache baadaye akauzwa Colorado. Miaka 21 baadaye timu aliyokuwa ameikimbia mara ya pili ikaenda kupokea kumi katika mji aliokuwa ameukimbia mara ya kwanza.

Nilikuwa nakaa nyumba moja na Mkenya shabiki wa Arsenal. Aliposikia kumi moja alicheka hadi akakaa sakafuni. Nikanyamaza, nikangoja. Avalanche na Arsenal wote wako kwenye himaya ya akina Kroenke, familia ileile. Februari Bayern wakawapa Arsenal tano moja. Machi wakawapa tano moja nyingine. Jumla kumi mbili. Sikucheka, nilimpikia wali.

Lakini kuna jambo kuhusu Montreal ambalo halisimuliwi. Kesho yake, siku moja tu baada ya kumi, walicheza Toronto, ugenini tena. Wakashinda 3-1.

Nimejiuliza mara nyingi juu ya ile ndege ya usiku kati ya miji hiyo miwili. Watu wazima ishirini na kitu, wamelipwa vizuri, hakuna wa kuwahurumia, wamekaa gizani na kumi zao. Halafu asubuhi wanaamka, wanafunga kamba za viatu. Na sasa ni wakati wa kumzungumzia kipa Calvin Pickard, maana ndiye mtu wangu.

Pickard hakupangiwa kuwa kipa wa kwanza. Varlamov alipoharibikiwa, mzigo ukamwangukia, akadaka mechi 50 nyuma ya timu ambayo ilipitisha watu kama pantoni ya Kigamboni. Tulikuwa tukifika mapema kidogo wakati mwingine, kipindi cha tatu, tukamwona kutoka kwenye mlango wa ngazi. Paki zinamjia kutoka kila upande. Anapangua moja, inamrudia mguuni mwa adui, anapangua ya pili akiwa amelala, ya tatu inaingia. Anainuka, anakunywa maji, anakwangua barafu mbele ya goli lake kwa viatu, kushoto kulia, kushoto kulia, kama mama anayefagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Kila baada ya bao alifanya hivyo. Baba Furaha alimpenda kwa sababu ya kukwangua kule. Kipa, kwa lugha ya kwao, ni gadie. "Ule gadie anajua kazi," alisema. "Banamuchafulia, ye anapangusa tu."

Sikusema kitu, lakini niliangalia dekio langu.

Mwingine niliyemfuata kwa macho ni Jarome Iginla. Baba yake Mnigeria, na jina lenyewe la Kiyoruba, maana yake mti mkubwa. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza sikuamini; nikaenda kutafuta picha za ujana wake alipokuwa nahodha wa Calgary. Alikuwa na dhahabu mbili za Olimpiki, na mabao zaidi ya 600 ya ligi. Kitu kimoja hakuwa nacho: Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi. Msimu ule alikuwa na miaka 39, miguu imeanza kumdai. Alifunga manane tu kwa Avalanche. Machi mosi wakamwachia aende Los Angeles, labda huko angepata mtoano wa mwisho. Los Angeles nao hawakufika mtoano. Akaishia pale, bila kombe.

Usiku ule wa Machi sisi hatukuwa na habari. Nilijua siku ya pili niliposikia mlinzi mmoja, mama mtu mzima, akisema kwa sauti ya msibani, "Iggy's gone," yaani Iginla ameondoka. Kiingereza changu kilikuwa bado kichanga, nikadhani amefariki.

Mahali palipokuwa pakinifurahisha ni baada ya kufagia. Ukumbi ule ni wa timu kadhaa. Denver Nuggets wa mpira wa kikapu wanacheza hapohapo. Kwa hiyo hoki ikiisha usiku, na kesho kuna kikapu, barafu haiyeyushwi, inafunikwa. Kwanza inapita Zamboni, lile gari linalotambaa kama trekta, linakwangua barafu na kuacha maji ya moto nyuma yake yagande upya. Halafu linaingia genge jingine, wanang'oa vioo vya pembeni, wanatandika mbao za kuzuia baridi, na juu yake wanapanga sakafu ya kikapu kipande kwa kipande, kila kipande na namba yake. Nilikuwa natazama kutoka safu za juu nikifunga mifuko yangu. Barafu yenye unene wa vidole viwili, na mistari yake na michubuko yote ya aibu ya usiku ule, inafunikwa kabla hakujapambazuka, na kesho watu wanakimbia juu yake wakirusha mpira bila hata kujua wamekanyaga nini. Baridi inabaki chini. Ukiweka kiganja sakafuni, unaisikia.

Aprili ikafika. Avalanche wa mwisho, Nuggets nao wakakosa mtoano, ukumbi ukanyamaza. Barafu ikaondolewa. Tarehe 29 Aprili, Jumamosi, nikawa nyumbani kutazama bahati nasibu.

Maana zawadi ya mkia nayo si ya moja kwa moja. Wana mashine yenye mipira 14, inatoka minne, na kila mkusanyiko wa namba nne umegawiwa kwa timu fulani. Zipo njia 1,001. Timu ya mwisho inapewa mafungu mengi kuliko wengine, lakini mwaka ule mengi yenyewe yalikuwa asilimia 18 tu ya kupata nafasi ya kwanza. Nafasi tatu za mwanzo zote zilichezeshwa. Na hapa ndipo hesabu inapokuwa na kisirani: kwa Avalanche, jambo lililokuwa na uwezekano mkubwa kuliko mengine yote, karibu nusu, lilikuwa kuporomoka hadi ya nne, chini kabisa walipokuwa wakiruhusiwa kuporomoka. New Jersey wakachukua ya kwanza. Ya pili wakachukua Philadelphia, timu iliyokuwa na pointi 88. Ya tatu Dallas, walewale wa usiku wa kofia.

Colorado, ya nne.

Nilimpigia mjomba. Mtu niliyefika huku kwa bahati nasibu nikimlalamikia mtu aliyebaki Tanga kwamba bahati nasibu si haki. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wameshindwa hata kushindwa," akasema, na hakuwa anatania.

Mnaoufahamu mchezo huu mnajua kilichofuata, na mnasubiri nikiseme. Kwa nafasi hiyo ya nne wakamchagua beki wa Calgary anayeitwa Cale Makar. Novemba wakamuuza Matt Duchene, aliyekuwa ameshaomba kuondoka, na katika biashara hiyo wakapata mali nyingi. Msimu uliofuata wakatoka pointi 48 hadi 95, wakaingia mtoano kwa mechi ya mwisho kabisa. Nathan MacKinnon akawa mmoja wa wachezaji bora duniani. Na tarehe 26 Juni 2022, huko Tampa, wakatwaa Kombe la Stanley, kocha akiwa yuleyule Bednar, na Makar akatangazwa mchezaji bora wa mtoano mzima.

Ndiyo sababu sasa hivi huwezi kuutaja msimu wa pointi 48 hapa Denver bila mtu kukukatiza. Ilikuwa lazima, wanasema. Bila ule hakuna huu. Kwetu tuna maneno yake tayari: baada ya dhiki, faraja. Sawa. Lakini faraja ya nani? Wachezaji wa 2017 waliokuwepo kubeba kombe ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja: MacKinnon, Landeskog, Rantanen, Johnson, na Compher aliyeingia mwishoni mwa msimu ule. Iginla alishastaafu. Colborne alishasahaulika. Mafundi wa kuhadithia wamegeuza ule msimu kuwa utangulizi wa kitabu kizuri, na mimi nakataa. Haukuwa utangulizi. Kwa watu wengi waliokuwa ndani yake ulikuwa ndio kitabu chenyewe. Walifungwa mara 60, wakaenda zao, na hakuna ukurasa wa mbele uliowasubiri. Makar naye hakuwa tuzo ya mateso. Alikuwa mpira uliotoka kwenye mashine upande ambao hakuna aliyeuomba.

Mwaka 2018 yule Mkenya wangu wa Arsenal alinitumia video. Vijana wa Nairobi, Ice Lions, ambao barafu yao ni ile ndogo iliyo ndani ya Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwasafirisha hadi huko wakacheze, na kwa mshangao wao wakaingia chumbani Sidney Crosby na MacKinnon wamevaa jezi za Kenya. MacKinnon, yuleyule aliyeongoza kikosi changu kwa mabao na pasi 53 mwaka wa pointi 48. Wengi walilia kwa sababu ya nyota wale wawili. Mimi kilichonishika ni kitu kingine. Wale vijana walikuwa wamecheza miaka na miaka wao kwa wao, nusu huku, nusu kule, kwa sababu Afrika Mashariki yote haikuwa na timu ya pili. Walikuwa hawajawahi kufungwa. Hawakuwa na wa kuwafunga. Walichokuwa wanakitafuta kwa hamu yote ile ni mtu wa upande wa pili.

Nilimtumia mjomba ile video. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, akikohoa: Coastal wamerudi Ligi Kuu, nimesikia? Nilikuwa nimesikia.

Usiku wa kombe nilikuwa nimeshaacha kufagia, naendesha lori, nimeegesha kwenye kituo cha mafuta Nebraska natazama simu. Wakashinda 2-1. MacKinnon alifunga moja. Nahodha Landeskog alipopewa kombe alilizungusha, kisha mtu wa kwanza kumkabidhi akawa Johnson, yule wa mguu uliovunjika. Hapo nilikohoa kidogo, nakiri.

Simu ikaita. Baba Furaha. Mgongo wake ulishamstaafisha. Alikuwa Aurora kwa binti yake, na nyuma yake nasikia honi za magari Colfax na watu wanapiga sufuria.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Uliona?"

"Nimeona."

"Vikombe bitupu leo."

Tukacheka. Akanyamaza kidogo, kelele zikapita.

"Na ule gadie yetu? Sikumuona."

Nikamwambia hayupo. Kwamba kiangazi kilekile cha 2017 Vegas walimchukua, na kabla hajadaka mechi hata moja ya ligi wakampeleka Toronto, akazunguka zunguka, na sasa yuko upande wa Detroit, muda mwingi kwenye timu yao ya chini.

"Lakini anadaka?"

"Anadaka."

"Banamufunga?"

"Mara nyingine."

"Eh," alisema Baba Furaha, na nikasikia anamwambia binti yake apunguze sauti ya televisheni.